Mkanda wa Picha katika Ukanda wa Dhahabu

Mkanda wa picha ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa jelatini upande mmoja, na ndani ya jelatini hiyo zimetawanyika chembe za chumvi ya fedha zisizoonekana kwa macho. Fedha inayosemwa hapa ni ile ya madini, ingawa Kiswahili kimeipa jina moja na pesa. Chembe ikipigwa na mwanga, hata kwa sehemu ya mia ya sekunde, hubadilika. Ikibaki gizani, hukaa ilivyokuwa. Upigaji picha wa zaidi ya karne moja na nusu ulisimama juu ya jambo hilo, na bado wapo watu wanaolipendelea, wakati simu iliyo mfukoni mwao inaweza kupiga picha elfu moja bila gharama ya nyongeza.

Msomaji wa Shinyanga au Geita akiangalia kwa makini vitu vinavyotengeneza mkanda, atakuta karibu vyote anavijua kwa majina ya nyumbani. Plastiki ya mkanda wa kawaida wa milimita 35 ni ya selulosi, na kwa miaka mingi selulosi hiyo ilitolewa kwenye nyuzi fupifupi zinazong'ang'ania mbegu ya pamba baada ya pamba kuchambuliwa kiwandani. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha mifupa na ngozi za ng'ombe. Katika miaka ya 1920 mkemia wa kampuni ya Kodak, Samuel Sheppard, alitafuta sababu ya jelatini nyingine kufanya mkanda uone mwanga upesi kuliko nyingine, akakuta jibu liko kwenye malisho: ng'ombe waliokula mimea ya jamii ya haradali waliacha chembe za salfa katika mifupa na ngozi zao, na salfa hiyo ndiyo iliyoamsha fedha. Mfugaji wa Usukumani, anayejua kwamba maziwa hubadilika ladha kufuata majani ya msimu, asingeshangazwa na ugunduzi huo.

Dhahabu nayo imo. Mwaka 1936 mkemia wa kampuni ya Agfa ya Ujerumani, Robert Koslowsky, aliona kwamba dhahabu kidogo mno, ikichanganywa kwenye jelatini wakati wa kutengeneza mkanda, huongeza sana uwezo wa chembe za fedha kunasa mwanga. Tangu siri hiyo ienee, mikanda yenye kasi ya kutosha kupigia picha ndani ya nyumba au jioni imebeba chembe za dhahabu. Fedha yenyewe ni jirani ya dhahabu tangu ardhini. Mwaka 2017, serikali ilipozuia makontena ya makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi kusafirishwa nje, Watanzania wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba ndani ya mchanga ule mlikuwa na dhahabu, shaba na fedha kwa pamoja.

Mkanda haukutengenezwa Kahama. Ulitengenezwa Rochester nchini Marekani, Uingereza, Ujerumani, Japani, ukaja Afrika Mashariki ukiwa kwenye kopo lililofungwa. Lakini unapoguswa na mtu wa nchi hii ya pamba, ng'ombe na dhahabu, anagusa kitu kilichotoka kwenye mali za aina ileile anayoifanyia kazi. Picha ya simu haina uzito wa namna hiyo. Ni hesabu zilizohifadhiwa kwa umeme, na simu ikizimika moja kwa moja, hakuna cha kushika.

Undugu wa picha na machimbo unaonekana zaidi katika historia ya zebaki. Tarehe 19 Agosti 1839, mjini Paris, ilitangazwa hadharani njia ya Louis Daguerre ya kutengeneza picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Bamba lililokwishaona mwanga halikuonyesha kitu mpaka liwekwe juu ya zebaki iliyopashwa moto. Mvuke wake ulipanda, ukanata mahali mwanga ulipogusa, na sura ya mtu ikatokea. Mwaka uliofuata Hippolyte Fizeau alitumia chumvi ya dhahabu kuikaza picha hiyo na kuipa joto la rangi. Fedha, zebaki na dhahabu zilikutana kwenye bamba lililotosha kiganjani.

Kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Nyarugusu na Rwamagasa, mkoani Geita, zebaki hufanya kazi inayofanana na hiyo kwa njia ya kinyume. Mawe yaliyotolewa kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, hupondwa na karasha mpaka yawe unga. Unga huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa, mchanga mzito ukabaki kwenye gunia lililotandikwa. Mchanga huo hutiwa kwenye beseni pamoja na zebaki, na mkono huanza kuzungusha. Dhahabu iliyotawanyika kiasi kwamba hakuna jicho lingeiona hukusanywa na zebaki kuwa donge la kijivu, donge likakamuliwa ndani ya kitambaa, kisha likachomwa. Zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo ni sumu. Uliwadhuru wapiga picha wa zama za Daguerre, na unawadhuru wachimbaji wadogo leo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020. Wapiga picha walikwisha kuuacha mvuke wa zebaki katika karne ya 19, na ingekuwa faraja kubwa kama machimbo nayo yangeuacha.

Ukiacha sumu, mchenjuaji na fundi wa picha wanaelewana kwa jambo moja: wote wawili hufanya kazi na kitu ambacho tayari kipo lakini hakionekani. Shata ya kamera ikifunguka, picha huwa imeshaingia kwenye mkanda saa ileile. Katika kila chembe iliyoguswa na mwanga hutokea kikundi cha atomi chache za fedha, pengine nne tu, na hakuna darubini ya kawaida inayoweza kuzionyesha. Mkanda unaweza kukaa hivyo kwa wiki, kwa miezi, hata kwa miaka. Kisha dawa huingia, hufuata atomi zile chache, na kuigeuza chembe nzima kuwa fedha nyeusi. Ongezeko hilo hufikia mara bilioni moja. Kiswahili cha studio kiliita kazi hiyo kusafisha picha, na neno ni zuri, kwa kuwa picha haitengenezwi wakati huo. Inaondolewa kilichoificha.

Kazi yenyewe hufanyika gizani. Fundi hufungua kopo la mkanda kwa kupapasa, hutafuta ncha, huuzungusha kwenye kigurudumu chenye mifereji, hukitumbukiza ndani ya tenki na kufunga kifuniko. Hapo ndipo taa huwashwa. Kwa mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe, dawa ya kwanza hukaa kama dakika nane au kumi, tenki likipinduliwa polepole kila baada ya nusu dakika ili dawa isitulie mahali pamoja. Hufuata haipo, dawa ya kukazia, ambayo huyeyusha fedha yote isiyoguswa na mwanga ili picha isiendelee kuungua jua litakapoipata. Mwisho ni maji, na maji yanatakiwa kuwa mengi na safi.

Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na ugumu wake katika nchi kavu kama Shinyanga. Dawa za kawaida zilipimwa kwa maji ya nyuzi 20 za joto, wakati mchana wa Septemba na Oktoba hewa yenyewe hupita nyuzi 30. Jelatini ni mchuzi wa mifupa ulioganda. Kwenye maji ya moto huvimba, hulainika, na kucha ikigusa hukwangua uso wa bibi harusi. Fundi aliyejua kazi yake alisafisha usiku au alfajiri, alitafuta barafu, au alifupisha muda wa dawa kwa hesabu alizokuwa amezifanyia majaribio mwenyewe. Maji nayo yalikuwa taabu. Mji wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'hwa kwa miaka mingi, na maji ya Ziwa Victoria yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba kubwa kutoka Ihelele mwaka 2009, wakati ambapo enzi ya mkanda ilikuwa tayari inamalizika. Kwa hiyo negativu yoyote ya zamani ya Shinyanga ambayo haina vumbi wala madoa ya chumvi ni ushahidi wa mtu aliyechuja maji kwa kitambaa ndoo baada ya ndoo. Ufundi huo haukupewa tuzo, na majina ya wengi waliokuwa nao hayakuandikwa popote.

Mkanda wa rangi ulikuwa na masharti mengine. Husafishwa kwa nyuzi 38, kwa usahihi ambao mashine huuweza kuliko mkono, na mashine zilikuwa mijini. Picha iliyopigwa machimboni ilisubiri safari ya kwenda mjini, kisha ikasubiri kurudi. Zaidi ya hapo, mwenye kamera alisubiri mkanda umalizike. Fremu 36 zilikuwa mali, na kusafisha mkanda uliobakiza fremu kumi kulionekana uharibifu. Matokeo yake ni kwamba mkanda mmoja uliweza kubeba harusi ya Juni, mavuno ya pamba ya Julai, mtoto aliyevalishwa sare mpya ya shule, na kaburi. Siku bahasha ilipofika, familia ilipitia furaha na msiba kwa mpangilio uleule zilivyotokea, na aliyekuwa amecheka kwenye fremu ya nne aliweza kuwa ndiye anayezikwa kwenye fremu ya thelathini. Simu huonyesha picha papo hapo, na kwa hiyo haiwezi kumrudishia mtu siku aliyokwisha kuisahau kwa namna ile.

Enzi ya mkanda na enzi ya rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu, zilikwenda pamoja katika ukanda huu. Mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Katikati ya vipindi hivyo viwili, hasa miaka ya 1980 na 1990, dhahabu ilikuwa mikononi mwa wachimbaji wadogo waliokuja kutoka kila kona ya nchi. Kijiji kiliota kwenye pori kwa majuma machache, kikawa na maduka, hoteli za matembe na mabanda ya video, kisha mwamba ulipokauka kikahamia kilima kingine. Mji wa namna hiyo hauachi magofu. Mabanda ya miti na maturubai huondoka na watu, maduara hufukiwa au hujaa maji, na baada ya mvua tatu mgeni hawezi kuonyeshwa soko lilikuwa wapi.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na simu zenye kamera zilikuja miaka mingi baadaye. Mtu aliyetaka kuonyesha nyumbani kwamba yu hai na amefanikiwa alikuwa na njia moja: kupiga picha na kuituma kwa mkono wa msafiri. Ndiyo sababu picha za wachimbaji wa wakati ule zina mavazi mazuri kuliko siku yenyewe ilivyokuwa. Kofia, miwani ya jua, redio ya kaseti iliyowekwa begani ili ionekane vizuri, saa ya mkono iliyogeuziwa kamera. Wapo wanaoona hayo kuwa ni maigizo. Ni haki zaidi kuyaona kama barua. Mama aliyekuwa Maswa au Singida alisoma katika picha ile kwamba mwanawe anakula, ana rafiki wa kumshika bega, na hajaugua.

Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa. Mabishano juu ya yaliyotokea siku zile yamejaza ripoti nyingi, na si mahali pa kuyarudia hapa. Jambo la kukumbuka ni dogo na la hakika: mtu wa kawaida aliyepiga picha Bulyanhulu kabla ya kuondolewa alipiga kwa mkanda. Sura za mji ule, duka la nani lilikuwa wapi, nani alikuwa jirani wa nani, zimebaki kwenye bahasha za watu waliotawanyika kutoka Kahama hadi Kigoma. Hakuna mashine ya intaneti iliyozihifadhi kwa niaba yao.

Negativu inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndani yake ndimo mlimo na sababu halisi ya mkanda kuwa na mvuto mpaka leo. Ni kipande chenye fremu nne au sita, kila moja ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kikishikwa dirishani, dunia hugeuka. Shela la bibi harusi ni jeusi, suti ya bwana harusi inang'aa, anga la kiangazi la Shinyanga limekuwa zito kama wingu la mvua, na ng'ombe mweupe aliyepita nyuma ya ukoo uliojipanga anaonekana kama kivuli chenye pembe. Nyuso za watu weusi huwa angavu, na macho hulazimika kujifunza upya kumtambua mtu anayemfahamu. Pembezoni mwa fremu kuna namba zilizochapwa kiwandani, kuanzia 1 hadi 36. Namba hizo hazina ubishi. Fremu ya 12 ipo kati ya 11 na 13, na mtu anayetaka kuifuta hana budi kutumia mkasi, nao mkasi huacha pengo. Negativu ilikuwapo pale. Mwanga uliogonga uso wa mtu ndio uliogonga fedha hii, na fedha haijabadilishwa tangu siku hiyo.

Tofauti hiyo ina uzito zaidi katika wakati huu, ambapo kompyuta inaweza kuunda picha ya mkutano ambao haukufanyika na ya mtu ambaye hakuzaliwa. Si kwamba mkanda hausemi uongo. Mpiga picha anaweza kupanga watu, kuficha upande mmoja, au kuchora juu ya picha kwa kalamu, na hayo yote yalifanyika tangu zamani. Lakini uongo wa mkanda ni lazima ufanyike mbele ya kamera au juu ya kitu kinachoweza kukaguliwa.

Upande wa makosa ya mkanda nao usemwe bila kuoneana haya. Mikanda ya rangi ilitengenezwa kwa watu weupe. Maabara za nchi za Magharibi zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikaachwa kujitafutia nafasi. Kodak ilianza kuboresha rangi za kahawia kwa dhati baada ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao kulalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Malalamiko ya wazazi weusi juu ya picha za shule za watoto wao hayakuwa yametosha. Wapiga picha wa Afrika walijitatulia wenyewe, kwa kuwasimamisha watu kwenye kivuli cha wazi, kuepuka jua la saa sita, kutumia ukuta mweupe kurudisha mwanga usoni. Mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe uliwatendea watu weusi haki zaidi, ingawa nao ulikuwa na upungufu wake. Kwa mfano, almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mgodini Mwadui mwaka 1947, ambayo mwenye mgodi, John Williamson, aliitoa kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth, katika picha za magazeti ya siku zile ni kipande cha kioo cheupe tu. Waridi lake lilibaki kwa walioishika.

Gharama ni kosa jingine, na siku hizi ndilo kubwa. Ili kuielewa, turudi kwa mshindani wa mkanda: kamera ya kidijitali ya kwanza iliundwa ndani ya Kodak yenyewe mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Viwanda vya mikanda vilipofungwa kimoja baada ya kingine, iliaminika kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 2018 mkanda wa Ektachrome, uliokuwa umeachwa, ulirudishwa sokoni, na Juni 2024 kampuni ya Pentax ilitoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, inayogawa kila fremu nusu kwa nusu ili mkanda wa picha 36 utoe 72. Wanunuzi wengi ni vijana ambao hawakuwahi kuona mkanda utotoni. Kwa kijana wa Katoro au Maganzo, hata hivyo, bei ya mkanda mmoja ulioagizwa kutoka nje pamoja na kuusafisha ni fedha ya kulisha nyumba kwa siku kadhaa. Kumwambia auze simu anunue kamera ya babu yake itakuwa ni kumdhihaki. Simu ndiyo iliyomfanya mchimbaji amwone mtoto wake akitambaa saa ileile anapotambaa, na hilo ni jema ambalo mkanda haukuliweza.

Mvuto wa mkanda, basi, unaeleweka vizuri zaidi ukitenganishwa na mtindo. Wapenzi wake wa mijini duniani husifu chembechembe zake, rangi zake, na utulivu unaomjia mtu mwenye fremu chache. Yote ni kweli. Mwenye fremu 36 huangalia kwanza, husubiri upepo utulie, humwomba mzee ainue kidevu kidogo, na hapigi mara mbili kitu kimoja. Lakini kwa watu wa ukanda huu kuna sababu iliyo nzito kuliko utulivu: mkanda huacha kitu kinachoweza kupotea na kisha kupatikana. Picha ya simu huhitaji kutunzwa kila mara, kuhamishwa kutoka simu hadi simu, kulindwa na neno la siri ambalo mwenyewe akifa hufa nalo. Simu ikianguka kwenye duara, picha za miaka mitatu huzama pamoja nayo. Negativu haihitaji mtu kuikumbuka. Inaweza kusahauliwa miaka arobaini na bado ikasomeka kwa dirisha na macho.

Afrika Mashariki imeliona hilo. Mwaka 2015, katika ofisi za shirika la utangazaji la Uganda jijini Kampala, lilipatikana kabati lenye negativu kama 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa wizara ya habari, nyingi zikiwa za utawala wa Idi Amin. Sehemu kubwa zilikuwa zimesafishwa lakini hazijawahi kuchapwa kwenye karatasi. Watu walioishi zama hizo walikuwa hawajaziona. Mwaka 2019 sehemu yake ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, na Waganda walisimama mbele ya sura za siku walizozikumbuka kwa masimulizi pekee. Unguja, studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imeuwezesha mji kujiona ulivyokuwa kabla na baada ya Mapinduzi, kwa sababu negativu zilibaki ndani ya familia na hazikutupwa. Hakuna aliyepanga katika miaka ya 1950 kwamba wajukuu watazihitaji. Zilihifadhika kwa kuwa zilikuwa vitu, na mtu mmoja hakupenda kutupa vitu.

Shinyanga, Kahama na Geita zina bahasha za namna hiyo, katika nyumba za waliokuwa na studio, katika parokia na shule, na chini ya vitanda vya wastaafu wa Mwadui. Studio nyingi zimegeuka kuwa maduka ya vocha na ya kuchaji simu. Mwenye studio huondoka duniani, watoto hugawana kiti na meza ya kioo, na katoni za negativu hupelekwa shimoni. Nyakati nyingine hupata mnunuzi. Duniani kote mikanda ya zamani na picha za eksirei zimechomwa ili kutoa fedha iliyomo, na katika nchi ya masonara na wachenjuaji hila hiyo haihitaji kufundishwa. Fedha inayopatikana hivyo ni kidogo sana. Ndoa, ubatizo na mji mzima wa machimbo vimeteketezwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Maadui wengine ni wa polepole. Mkanda wa asetati ukikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Hujikunja, kisha jelatini hupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Sanduku la bati chini ya paa la bati ndiyo tanuri bora ya kuharakisha hilo, na ndipo familia nyingi zimeziweka negativu zao zikidhani ni mahali salama. Masika huleta ukungu unaokula jelatini. Mende huila pia, kwa kuwa kwao ni chakula. Mifuko ya plastiki huzuia unyevu kutoka, na vipande hugandana.

Kwa hiyo aliye na katoni ya namna hiyo asiitupe, na asiiuze kwa kilo. Azitoe negativu kwenye sanduku la bati, azipange katika bahasha za karatasi kavu, aziweke kwenye chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje na juu kidogo kutoka sakafuni. Azishike kwa pembe zake, bila kugusa katikati. Kwa kuziona hahitaji mashine: kipande kikishikwa sentimeta chache mbele ya kioo cha simu kinachong'aa cheupe, simu ya pili inaweza kukipiga picha, na programu ya kawaida ya kuhariri picha ikakigeuza nyeupe kuwa nyeusi. Kilicho kigumu ni majina. Waliokuwa na miaka 25 kwenye rashi za mwaka 1985 sasa wana miaka zaidi ya 60, nao ndio wanaojua yule mwenye kofia ni nani, alitoka wapi na duara lake liliitwaje. Mwenye bahasha aanze na mzee wa namna hiyo, mwaka huu, akiwa na kalamu mkononi.